Hilux Inatetemeka Asubuhi na Kutoa Moshi Mweupe: Je, Ni Lazima Ovaholi?

Swali: "Nina Hilux ya mwaka 2001, injini ya dizeli 5L, imetembea kilomita 310,000. Nabeba viazi kutoka vijiji vya Njombe kwenda Makambako. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi stata inazunguka sana ndipo inawaka. Ikishawaka inatetemeka mpaka vioo vya milango vinagonga, na inatoa moshi mweupe unaochoma macho. Baada ya kama dakika kumi inatulia, lakini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) bado naisikia inamisi kidogo. Barabarani inavuta vizuri. Oili inapungua kama nusu lita kati ya sevisi na sevisi, maji ya rejeta hayapungui. Fundi wa kwanza kasema ringi za pistoni zimekwisha, nishushe injini nifanye ovaholi (ifunguliwe yote na kuundwa upya) kwa milioni tatu na nusu. Wa pili kageuza skrubu ya pampu na kupandisha silensa. Mtetemo umepungua, lakini sasa mlimani inatoa moshi mweusi. Wa tatu kaniambia nichanganye lita tano za mafuta ya taa kwenye tangi ili nisafishe nozeli. Kijana wangu naye huweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa eya klina ili iwake haraka. Nifuate la nani? Au niiuze kabla haijanifia?"

Jibu:

Pole sana, ndugu yangu. Gari ya biashara ikianza kusumbua, usingizi wenyewe unapungua, maana kila asubuhi unawaza mzigo na mteja anayesubiri. Umeuliza ufuate la nani. Kwa maelezo yako, usifuate la yeyote kwanza, kwa sababu kati ya hao wote hakuna aliyepima kitu. Wameusikia mtetemo, wakataja dawa. Injini ya silinda nne inayomisi, yaani silinda mojawapo haiwaki sawasawa, ni kama mtu anayechechemea: unaona wazi anaumwa, lakini hujajua ni mguu upi, wala kama ni goti au ni mwiba tu. Kazi yetu ni kuujua mguu kabla ya kununua spea hata moja.

Lakini kabla ya hapo, mwambie kijana aache petroli leo hii. Injini yako ina plagi za hita ambazo asubuhi zinakuwa nyekundu kabisa ndani ya silinda hedi. Mvuke wa petroli ukiingia humo unawaka wakati wowote unaotaka wenyewe, mara nyingi pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo ndipo ringi zinapovunjika, na ile ovaholi isiyokuwa ya lazima inakuwa ya lazima. Mbaya zaidi, moto unaweza kurudi kupitia eya klina na kumkuta kijana ameinama pale pale. Nimeona nyusi na mikono iliyoungua kwa namna hiyo, ndiyo maana nalisema hili kwanza.

Sasa tuelewane jinsi injini hii inavyowaka. Dizeli haina cheche kama petroli. Pistoni inabana hewa kwa nguvu sana, kwenye 5L ni kama mara 22 ya ujazo wake, na hewa iliyobanwa hivyo inapata joto la kutosha kuwasha mafuta yanaponyunyizwa na nozeli. Kwenye injini yako nozeli hainyunyizi juu ya pistoni moja kwa moja. Inanyunyizia ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, na moto unaanzia humo. Chumba hicho kina kuta nyingi za chuma kwa udogo wake, na chuma kikiwa na baridi kinanyonya lile joto kabla mafuta hayajashika. Ndiyo sababu kila silinda ikapewa plagi yake ya hita. Asubuhi ya Juni huko Njombe, plagi ndiyo inayokiwashia kile chumba.

Ukilishika hilo, gari yako inaanza kujieleza yenyewe. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyonyunyiziwa na haikuungua. Imegeuka mvuke na kutoka kwenye eksozi kama ilivyo. Ungekuwa mvuke wa maji usingechoma macho hivyo, na rejeta ingekuwa inapungua. Umesema haipungui, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi naiweka pembeni kwa sasa. Moshi wa bluu ungenifanya nifikirie oili na ringi, lakini hujautaja, na nusu lita kati ya sevisi na sevisi kwa injini ya umri huo hainitishi hata kidogo. Halafu, injini iliyokwisha ringi za silinda zote nne haivuti vizuri mlimani na viazi mgongoni. Maelezo yako yananionyesha silinda moja, pengine mbili, zinazochelewa kupata joto au zinazopata mafuta yasiyonyunyizwa vizuri. Sababu kubwa ni tatu: plagi ya hita iliyokufa, nozeli inayodondosha badala ya kutoa ukungu, au kompresheni (nguvu ya kubana hewa) iliyoshuka kwenye silinda hiyo. Nazipanga hivyo kwa makusudi, kuanzia ya bei rahisi.

Fundi wa pili amekufunika tatizo, hajalitibu. Ile skrubu inaongeza mafuta kwenye silinda zote, pamoja na zile ambazo hazikuwa na shida. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Injini yako haina tabo ya kuisukumia hewa zaidi. Mafuta yakizidi hewa, moshi mweusi ndio huo unaouona, na joto la eksozi linapanda kila unapopanda mlima na mzigo. Mwambie airudishe skrubu mahali ilipokuwa; kwa kawaida alama ya nati ya zamani inaonekana kwenye uchafu na rangi. Silensa nayo irudi kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika. Ikiwa juu, injini yoyote inaficha ugonjwa wake, na tunachotaka sisi ni kuusikia.

Mafuta ya taa usiweke. Pampu ya injini yako inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili ya kwake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri. Nozeli iliyolika ncha haisafishiki kwa kimiminika chochote, na pampu ikikwaruzika gharama yake inaweza kuikaribia ile ya ovaholi. Wengi wetu tunakumbuka jinsi dizeli ilivyokuwa ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa mpaka serikali ikapandisha kodi yake mwaka 2011. Pampu nyingi zilikufa miaka ile. Usijichakachulie mwenyewe.

Tuanze kupima. Anza na plagi za hita, asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Huenda utasema taa ya koili kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida, kwa hiyo hita ni nzima. Hapo wengi wanapotea. Taa ile inaendeshwa na saa ya umeme tu. Inaweza kuwaka na kuzima vizuri hata kama plagi zote nne zimekatika. Fungua lile bamba la chuma linaloziunganisha juu, na uziangalie zile nati ndogo zisidondoke. Chukua taa ya kupimia, upande mmoja uweke kwenye chanya ya betri na mwingine uguse kichwa cha plagi moja moja. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya plagi ni mzima. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Ukiwa na mita ni bora zaidi: plagi nzima inasoma chini ya omu mbili. Kama zote ni nzima, hakikisha pia umeme unafika kwenye lile bamba swichi inapofunguliwa, maana rilei au fyuzi yake ikifa, plagi nzuri zinakaa bure.

Plagi iliyokufa usiing'oe kwa nguvu. Ikiwa imeganda, mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku, kisha ifungue injini ikiwa ya vuguvugu, taratibu. Ikivunjikia ndani ni kazi ya kushusha silinda hedi. Ikishatoka, itazame ncha yake. Kama imeliwa au imevimba, usifurahi mapema kwamba tatizo limekwisha, kwani mara nyingi ncha huliwa na nozeli ya silinda ile ile inayomwaga mafuta kama bomba. Ukiweka plagi mpya bila kuigusa nozeli, baada ya miezi michache unarudi ulipokuwa. Na unaponunua, nunua kwa namba ya injini na mfumo wa gari yako, si kwa kulinganisha umbo. Zipo za volti 11 na za volti 6, kwa macho zinafanana; ya volti 6 ikipewa umeme wote wa betri haidumu.

Niliwahi kuletewa pikapu ya mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao, silinda hedi ikiwa tayari ndani ya gunia. Gereji moja ilikuwa imeifungua na kumwambia aagize pistoni. Niliomba plagi zake za hita nizipime, zikiwa zimelala kwenye kopo: tatu kati ya nne zilikuwa zimekatika. Kuta za silinda bado zilikuwa na michirizi ya kiwandani, yaani hazikuwa zimelika. Alilipa kufungua na kulipa kufunga, na katikati palihitajika plagi tatu. Tangu siku hiyo sikubali mtu afungue injini ya dizeli kwa kosa la asubuhi bila kipimo hiki, ambacho hakimalizi hata nusu saa.

Plagi zikiwa sawa au zikishabadilishwa na bado inamisi, nenda kwenye jaribio la nati. Injini ikiwa silensa, fundi analegeza kidogo nati ya bomba la chuma linaloingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, kiasi mafuta yavuje badala ya kwenda ndani. Silinda hiyo inazimwa. Kama ilikuwa inafanya kazi, mngurumo utabadilika, injini itazidi kuchechemea. Anakaza, anakwenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ambayo ukiilegeza injini haijali, hakuna kinachobadilika, ndiyo silinda yako inayoumwa. Fanyeni hivyo injini ikiwa bado ya baridi, wakati ugonjwa unaonekana wazi.

Hapa nina maonyo mawili. Vaeni miwani, funikeni nati kwa kitambaa, na mkono usisogezwe mbele ya mafuta yanayotoka kwa kasi. Dizeli yenye msukumo wa nozeli inatoboa ngozi bila maumivu makubwa; tundu linaonekana kama la sindano, kumbe mafuta yameingia mpaka kwenye nyama. Hilo likitokea ni hospitali mara moja, na mwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya msukumo. Pili, jaribio hili ni la injini za pampu ya zamani kama 5L yako. Jirani mwenye Hilux Vigo ya D-4D asiguse nati hizo injini ikiwaka. Mfumo ule una msukumo wa zaidi ya baa 1,000, na hupimwa kwa kompyuta.

Tuseme umeikuta silinda ya tatu. Sasa badilishaneni nozeli: ya tatu iende ya kwanza, ya kwanza ije ya tatu, kwa washa mpya za chini (zile pete ndogo za kuziba), kwa sababu washa iliyokwisha kubanwa haizibi tena vizuri. Kabla ya kufungua, osheni eneo lote. Punje moja ya mchanga inatosha kuua nozeli. Rudieni jaribio la nati. Kama ugonjwa umehamia silinda ya kwanza, mwenye kosa ni nozeli. Kama umebaki ya tatu, nozeli haina hatia, na sasa ndipo tunapozungumzia kompresheni.

Nikikisia kutoka mbali, naipa nozeli nafasi kubwa. Kwa kilomita 310,000, kama hazijawahi kubadilishwa, ncha zake zimechoka. Zipeleke zote nne kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na ikibidi ufike Iringa au Mbeya, nenda. Simama uone mwenyewe: nozeli nzuri inatoa ukungu mwembamba na kukata ghafla, ncha ikabaki kavu, mbaya inatoa mkondo au inaacha tone linaning'inia. Kama ni moja tu mbovu na fedha ni ngumu, unaweza kubadilisha ncha ya hiyo moja na nyingine zikarekebishwa msukumo. Ila kwa gari inayokulisha, mimi ningebadilisha ncha zote nne kwa mara moja, ili silinda zote zipate mafuta sawa. Na ningelipa zaidi kupata ncha halisi. Zile za bei ya kutupa nimeziona zikianza kudondosha kabla ya mwaka.

Kompresheni ikishukiwa, bado si ringi moja kwa moja. Kwenye 5L kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi kabisa: nafasi ya valvu, yaani ule mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Kadiri miaka inavyokwenda, valvu, hasa za eksozi, zinazama kidogo kidogo kwenye viti vyake, na nafasi inapungua mpaka valvu haifungi sawasawa. Hewa inapenya, joto halifikii kiwango, silinda inakataa asubuhi. Injini ikiwa ya baridi, nafasi ya valvu ya kuingiza hewa iwe kati ya milimita 0.20 na 0.30, na ya eksozi kati ya 0.40 na 0.50. Hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia mwanya. Kazi hiyo inahitaji fundi mtulivu, lakini injini haishuki, na mara nyingi inarudisha silinda iliyokwisha kuhukumiwa kifo.

Baada ya valvu ndipo ipimwe kompresheni kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, mshale wake unafika mwisho na geji inakufa. Kikomo cha chini ni kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5. Kwa mwinuko wa Njombe namba zote zitasoma chini kidogo, kwa hiyo itazame zaidi ile tofauti. Mwambie fundi akuandikie namba nne kwenye karatasi. Tatu zikiwa zinafanana na moja iko chini sana, valvu zikiwa zimeshawekwa sawa, basi kuna kitu ndani ya silinda hiyo, na kufungua silinda hedi kuna haki. Zote nne zikiwa chini, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka upepo unatoka kwa nguvu kama mvukuto, fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli, nami nitakuambia ufanye ovaholi bila kusita.

Upepo kwenye mafuta nauweka mwisho, kwa sababu kwa kawaida unazisumbua silinda zote na hausubiri baridi. Lakini umesema stata inazunguka sana, kwa hiyo usiupuuze. Bomba linalotoka tangini mpaka kwenye pampu linanyonya, halisukumi. Likiwa na ufa halivuji mafuta, linameza upepo, na usiku dizeli inarudi tangini. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, uangalie mapovu. Ukiwa hapo, fungua skrubu ya chini ya filta, umwage kwenye chupa ya kioo. Maji yakiwemo yatakaa chini ya dizeli na utayaona. Kama unajaza kutoka kwenye mapipa vijijini, fanya hivi kila wiki.

Jambo moja sikulisoma kwenye barua yako: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Kwenye injini hii mkanda huo unazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli kwa pamoja. Ukiruka jino moja, pampu inanyunyiza kwa kuchelewa na moshi mweupe asubuhi ni mmoja wa ushahidi wake. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama mtetemo ulianza baada ya mkanda kubadilishwa, au kama hujui historia yake, kifunguliwe kifuniko alama ziangaliwe kabla ya jambo lolote jingine.

Kuhusu kuuza, usiuze sasa. Gari inayotetemeka na kutoa moshi mnunuzi ataipangia bei ya injini iliyokufa, na kwa dalili zako injini hiyo haijafa. Unaweza kuendelea kubeba mzigo ukiwa unapima, mradi ile skrubu irudishwe kwanza. Lakini simamisha gari na uipeleke kwa fundi aione kwa macho siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya: maji ya rejeta yanaanza kupungua au kutoa mapovu, oili kwenye dipstiki inapanda badala ya kushuka au inanuka dizeli, taa ya oili inawaka, au unasikia mlio mzito wa chuma kugonga unaoendelea hata injini ikishapata moto. Nozeli inayomwaga inaweza kutoboa pistoni kwa joto, na mlio huo ndio onyo lake.

Fanya plagi kesho asubuhi, jaribio la nati kesho kutwa. Kisha niandikie silinda ipi haikujali, na kama ugonjwa ulihama na nozeli au ulibaki.